Mwaka wa Yanga na Jani la Sale

Mwaka ule tulikula yanga. Sitautaja kwa tarakimu, maana shule yangu iliishia darasa la nne na ukutani kwetu hapakuwa na kalenda, lakini mwambie mtu yeyote wa Moshi wa umri wangu "mwaka wa yanga" uone atakavyokunja uso. Ulikuwa unga wa mahindi ya njano, wa msaada, na kwenye foleni tuliambiana kwamba huko ulikotoka wanalisha ng'ombe. Ugali wake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai na harufu ya gunia lililolowa. Ukipoa unakatika kama kipande cha sabuni, na sabuni yenyewe hatukuwa nayo. Iliyokuwepo ilivushwa kwa magendo kutoka Kenya ikauzwa kwa kunong'onezana. Mimi mtu wa Rombo, niliyekua nikijua ndizi ya kuchoma, ndizi ya mtori, ndizi ya mbege na ndizi ya kumtupia mbuzi, nilisimama juani na mfuko wangu kugombea chakula cha njano. Nililia. Si kwa njaa. Kwa hasira.

Nayaandika haya kwa sababu nimemzika mume wangu. Agapiti alikuwa afisa ustawi wa jamii mpaka alipostaafu, na siku ya mazishi mwanetu Kalisti alisoma wasifu wake kwenye kipaza sauti: alisoma wapi, aliajiriwa wapi, alihamishiwa wapi, akastaafu kwa heshima, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Yote kweli. Watu wakatikisa vichwa, padre naye akatikisa kichwa. Mimi nilikaa pale mbele na kitenge changu cheusi nikijiuliza moyoni, mbona mwaka wa yanga haumo? Maana mume niliyemzika alitengenezwa mwaka ule. Aliyekuwepo kabla ya hapo alikuwa kijana mwenye kucheka sana, anacheka mpaka anashika ukuta. Huyo wanangu hawakumjua.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Soweto, mtaa wa hapo Moshi, kwenye nyumba ya Mama Zaituni, mjane wa Kiislamu aliyezaliwa mjini hapohapo na ambaye hakuna aliyeweza kusema kabila lake, hata yeye. Kitanda, meza, pazia la maua katikati, jiko la mkaa barazani. Kuta hazikufika kwenye bati, kwa hiyo ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanakuambia pole. Nilikuwa msichana tu, mimba yangu ya kwanza tumboni, na Mama Zaituni alinitania kila nikisonga ugali. "Mke wa ustawi! Huo ustawi wenyewe uko wapi, mbona mnakula njano kama sisi?" Nami namjibu, "Umebaki ofisini, mama, unalindwa." Basi tunacheka, kila mtu na mwiko wake mkononi. Agapiti akirudi alikuwa ananisimulia kazi yake kwa sauti ya chini kwa sababu ya zile kuta. Kazi ilikuwa kukaa katikati ya watu wanaogombana: mke aliyefukuzwa, mzee aliyetelekezwa na wanawe, mtoto asiyetakiwa na upande wowote. Aliiamini kazi hiyo. Aliamini kwamba watu wakikalishwa kwenye mabenchi wakasikilizwa, watakuwa wazuri.

Siku moja alirudi na msichana nyuma yake.

"Anaitwa Restituta," akasema. "Atakaa siku chache. Kule wanakopokea watoto hakuna nafasi."

"Siku chache ngapi?"

"Dora, mtazame kwanza."

Nikamtazama. Alikuwa wa miaka kumi na moja au kumi na mbili, miguu imejaa mikwaruzo ya miiba, gauni moja, hana kiatu. Mgambo walimkamata porini karibu na Holili, mpakani, akiwa na kahawa mgongoni, maana mwaka ule kahawa ililipa zaidi ng'ambo ya mpaka na nusu ya Rombo ilikuwa inaivusha kwa njia za mbuzi. Wakubwa aliokuwa nao walitupa mizigo wakakimbia. Yeye hakutupa. Aliogopa kurudi nyumbani bila mzigo kuliko alivyoogopa mgambo. Baba yake alikuwa amekufa, mama yake ameolewa mbali, na kihamba chao, yaani lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, kilikuwa kimeshikwa na baba yake mdogo, mtu mmoja anaitwa Nikodemu, wa upande wa Tarakea. Alishika kihamba akamshika na mtoto. Akamfanya punda.

Nilimwogesha uani, nyuma ya kipande cha bati. Alipovua gauni kopo liliniponyoka. Mabegani kamba ilikuwa imechimba mifereji. Kutoka hapo kushuka chini ilikuwa fimbo juu ya fimbo, za zamani zimekuwa nyeusi, za karibuni bado nyekundu. Mama Zaituni alikuwa anaanua nguo. Akaja, akatazama, akasema "Audhubillahi," akaingia chumbani kwake akatoka na mafuta ya nazi, ambayo mwaka ule yalikuwa kama dhahabu. "Mpake," akaniambia. "Na usimuulize kitu leo." Sikumuuliza. Agapiti alisimama mlangoni ametupa mgongo, anatazama barabarani. Niliona mabega yake yanatikisika.

Mwanzoni Resti alikula amesimama, sahani mkono mmoja, mkono mwingine kwenye komeo la mlango. Nikimwambia kaa, anasema "Asante dada," na hakai. Siku aliyokaa ilikuwa siku mama mkwe alipotushushia mkungu wa ndizi kutoka mlimani, kwa mkono wa watu waliokuja sokoni. Nilipika kiburu, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, na Agapiti akamkwangulia ukoko kwa mkono wake mwenyewe. Resti akakaa kwenye kigoda. Akala, akalamba vidole, akatazama sahani kama fundi anayetazama kazi ya mwenzake, akasema, "Kaka, huyu dada anajua kupika, ila chumvi anaiogopa." Agapiti alicheka mpaka akapaliwa. Kutoka ng'ambo ya ukuta Mama Zaituni akaitikia, "Mwambie, mwanangu, mwambie! Mimi nimesema mpaka nimechoka!"

Tangu hapo akawa wa kwetu. Jioni alikuwa anaweka kiganja kwenye tumbo langu kumsikia mtoto akipiga teke. "Anabisha hodi," alisema. Kisha siku nyingine akasema, "Akija, mimi ndiye nitakayembeba. Najua kubeba." Alisema kwa majivuno, kama mtu anayesema anajua kusoma. Agapiti alikuwa ameanza mpango wa kumtafutia shule na kumweka kwetu kisheria. Kilichotakiwa ni kusubiri tu. Kama angebaki kwetu angepona. Akirudishwa kule, hakuna aliyehitaji kutabiri. Hata Mama Zaituni alijua, hata mimi wa darasa la nne nilijua.

Walikuja Jumapili, tumetoka misa. Nikodemu na wazee wawili, na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Hakuja na panga wala na matusi. Angekuja na panga tungemshinda, mtaa mzima ungetoka. Alikuja na sale. Msiokuwa Wachaga mtaona ni jani tu, lile refu la kijani tunalopanda mipakani na juu ya makaburi. Kwetu, mtu akikukosea, hata kama amemwaga damu, akija nyumbani kwako na jani la sale limefungwa fundo, unatakiwa upokee. Ukipokea umesamehe, na neno lile limekwisha, halifufuliwi na mtu. Ukikataa, wazee wanasema ubaya utageukia nyumba yako wewe, na utaanza na kilicho kichanga. Agapiti alisoma, alivaa tai, alijua sheria za watoto kwa kichwa. Lakini alinyonya hayo maneno pamoja na maziwa.

"Mwanangu Agapiti," akaanza yule mzee mkubwa, "hatukuja kama watu wa ofisi. Tumekuja kama Wachaga. Ndugu yetu huyu amekosa. Amempiga mtoto wa marehemu kaka yake, na amekubali. Sale hili hapa."

Nikodemu akapiga goti kwenye sakafu yangu. Nilimtazama shingo. Shingo imenona, mwaka wa yanga.

"Nilizidiwa na hasira, bwana ustawi," akasema. "Nirudishie mtoto nikamlee. Ile ni damu yangu."

"Atasoma?" Agapiti akauliza.

"Atasoma."

"Hatabebeshwa mzigo?"

"Hata kuni hatabeba."

Nikamwona Agapiti analitazama lile jani, halafu analitazama tumbo langu, halafu jani. Jasho lilimtoka puani. Nikasema, "Agapiti!" Akanyoosha mkono akapokea. Wale wazee wakashusha pumzi, mmoja akaanza kumimina mbege. Kisha yule mkubwa akanigeukia na kucheka kidogo, cheko la mtu aliyemaliza kazi: "Na mke wako naye aliguse, ndiye aliyemtunza mtoto." Nikodemu akalichukua kutoka mkononi mwa mume wangu akaniletea kwa mikono miwili. Niliona kucha zake, zimekatwa vizuri.

"Sipokei. Aliyepigwa si mimi."

Nikasikia Mama Zaituni anavuta kiti chake karibu na ukuta. Yule mzee akapangusa povu la mbege mdomoni. "Bado mtoto huyu," akawaambia wenzake. "Akishazaa atajua kuogopa. Mume amepokea, nyumba imepokea."

Resti alikuwa barazani, anakula ugali uliobaki. Hakuna aliyemwita ndani, hakuna aliyemuuliza aliyepigwa kama anasamehe. Alisikia kila kitu. Alimaliza chakula chake bila haraka, akaosha sahani, akaifunika juu ya karai. Nikamfunga kitenge changu cha kijani mabegani. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Dada, nikirudi mtanifungulia?"

"Mlango hautafungwa," nikamwambia.

Walipoondoka Agapiti alilichomeka sale juu ya mlango kama inavyotakiwa. Ng'ambo ya ukuta Mama Zaituni akasema, bila hata kupaza sauti, "Nyie Wachaga, mtoto wa watu avunjwe mgongo halafu mmalizane kwa jani? Kwetu angesimama mbele ya kadhi ajieleze." Mimi nilikuwa namtazama tu. Baadaye akasema, "Niliogopa kwa ajili ya mtoto, Dora."

"Mtoto yupi?" nikamuuliza.



Niliacha mlango wazi kila siku mchana kutwa. Kuku wa Mama Zaituni waliingia wakanya chini ya kitanda. Mwanzoni yule mama alinigombeza kwamba nakaribisha wezi, halafu akaacha kunigombeza, akawa anafagia mwenyewe. Masika ikaanza, Kalisti akazaliwa, mama mkwe akashuka kuja kunilisha, maana kwetu mzazi hatoki nje, anakaa ndani ananenepeshwa kwa mtori. Mwaka wa yanga huo, lakini mama yule alizipata ndizi na nyama sijui kwa kumpigia magoti nani. Nilikuwa na bakuli mkononi wakati mwanamke mmoja wa kwetu, anayeuza vitunguu sokoni Tarakea, alipopita kunipa hongera. Akamshika mtoto, akamsifu pua, akamrudisha. Kisha akasema, "Yule msichana wa Nikodemu aliyekuwa kwenu, tumemzika."

"Nini?"

"Aliteleza kwenye korongo na mzigo. Mvua, dada."

"Mzigo gani?"

Akatazama chini. "Dada, mzigo ni mzigo."

Agapiti alipanda kesho yake. Aliporudi alikuwa na tope mpaka magotini, akakaa kwenye kile kigoda cha Resti na viatu vyake, hakuvivua. Mama mkwe akamwekea chakula, akakitazama kama hakijui. "Wamempandia sale," akasema. "Kichwani na miguuni. Yameshashika." Nikamuuliza alikufaje. Akasema wanawake kisimani walimwambia mambo mawili matatu wakiwa wameinama, lakini walipoitwa mbele ya watu, kila mmoja akasema mtoto aliteleza kwenye korongo. Alikwenda polisi, wakamwambia alete mtu atakayesema. Akarudi kijijini kumtafuta mtu huyo. Mwisho akaenda kwa yule mzee mkubwa, naye akamkaribisha vizuri, akampa kiti, akamwambia, "Bwana ustawi, hayo si tuliyamaliza nyumbani kwako? Wewe mwenyewe ulipokea." Hapo ndipo alipofika mume wangu. Alikuwa amefunga kesi kwa mkono wake, na hakuna mtu mlima mzima ambaye angemfungulia.

Lile sale bado lilikuwa juu ya mlango, limekauka, limejikunja. Sikutakiwa hata kuinuka kitandani. Niliinuka, nikalichomoa, nikalitia kwenye jiko chini ya mtori. Mama mkwe alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Lilitoa moshi mwingi, moto hakuna. Mtori wa siku ile ulinuka moshi, na mpaka leo nikipika mtori kuna wakati nausikia palepale, moshi ule, nageuka kutazama mlango.

Watu walimsifu Agapiti kwenye mazishi kwamba alikuwa mwangalifu kazini. Hawakujua wanasifia kidonda. Tangu mwaka ule hakumwambia mtu kwamba anakuja kumkagua. Alifika wakati wa kula, akakaa pembeni, akatazama nani anapewa sahani na nani anangojea. Wenzake ofisini walimwita Bwana Sufuria, wakidhani anafuata ubwabwa. Alikubali kuchekwa. Watoto aliokataa kuwarudisha kwa ndugu zao ni wengi, wengine walikuja mazishini na wake zao. Nyumbani aliwaogesha wanetu wote mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa umri wake waliona ni kurogwa. "Geuka nikuone mgongo." Wajukuu walidhani ni mchezo. Walikuwa wanamkimbilia uani wameshavua mashati, "Babu, angalia mgongo!" Naye anaangalia. Wao wanacheka, yeye anaangalia kweli. Alipostaafu tukapanda huku juu kwenye kihamba, na kitu cha kwanza alichofanya ni kung'oa masale yote ya mpakani akasimika nguzo. Majirani wakasema pensheni imemvuruga akili. Na siku zake za mwisho, chakula hakipiti tena, alinishika kidole akasema, "Dora, usinipandie." Nilijua ni nini hataki kupandiwa. Ukoo ulinigombeza, nikasimama juu ya udongo wa kaburi lake na hawakupanda.

Basi siku ya kumaliza matanga, watu wamekaa kwenye mabenchi, mbege inazunguka, nikaona kundi linafunguka katikati. Mzee mmoja amekauka kama muwa uliotafunwa, anashikwa mkono na binti yake. Sikumjua kwa uso. Nilizijua kucha. Mkononi alikuwa na jani la kijani, limefungwa fundo.

"Mama Kalisti," akasema, na sauti ilikuwa imebaki kidogo. "Marehemu alinisamehe zamani. Umebaki wewe. Nimezika watoto, nimezika ng'ombe, usingizi sina. Nataka nife mwepesi."

Mbege ikasimama ilipofika. Mkubwa wa ukoo wetu akakohoa. "Mama, sale limeletwa." Kalisti akaniinamia sikioni, mwanangu mwenye mvi kwenye ndevu, mwenye gari na elimu: "Mama, pokea tu. Watu wanatazama. Ni jani tu." Yeye ndiye aliyekuwa tumboni. Sikuwahi kumwambia kwamba kuna mtoto alitolewa ili yeye asidhurike, na kwamba mtoto yule alikuwa amejiandaa kumbeba. Atasoma hapa.

Nililitazama lile jani. Lilikuwa bichi, pana, limeng'aa, utomvu bado kwenye shina.

"Umelikata wapi?" nikamuuliza.

Mzee akalifunika fundo kwa kiganja. Binti yake, maskini, hakujua kitu, akamjibia kwa adabu, "Nyuma ya nyumba, bibi. Kuna kaburi moja dogo pale, masale yake ndiyo mazuri kuliko yote."

Nikodemu akaanza kupiga goti. Kalisti akanishika kiwiko. Nikautoa mkono wangu, nikasimama, nikasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye mabenchi ya nyuma.

"Sipokei. Aliyepigwa si mimi."